Kiswahili cha kuombea maji: kwa nini This Heat waliishi miaka sita tu

Swali: Shikamoo mwalimu. Programu yangu ya muziki iliniletea wimbo unaoitwa "Makeshift Swahili" wa bendi ya Waingereza, This Heat. Niliubonyeza kwa sababu ya jina tu. Nimeusikiliza mara nne na sijasikia hata "habari". Nikasoma kwamba bendi ilianza 1976 ikafa 1982, ikaacha albamu mbili basi, na hadi leo kuna watu wanaiabudu. Hawa ni kina nani, Kiswahili kimeingiaje humo, na kama walikuwa wakali hivyo, mbona hawakudumu?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Tuanze na Kiswahili, kwa kuwa ndicho kilichokuvuta.

Hujasikia "habari" kwa sababu haimo. Lugha yetu imetajwa kwa jina, basi. "Makeshift" ni kitu cha kuungaunga, cha kushikizia shughuli mpaka kipatikane cha kweli: daraja la magogo mawili, mlango wa bati kuukuu. Kwa hiyo jina la wimbo ukilileta kwetu, msemo wake tunao tayari: Kiswahili cha kuombea maji. Wimbo wenyewe ni wa watu wanaosemeshana wasielewane. Mwimbaji anapayuka kama mtu aliye ng'ambo ya mto, na kadiri anavyopaza sauti ndivyo maneno yanavyozidi kugeuka kelele. Kiswahili kimewekwa pale kama mfano wa lugha ya mbali, ambayo msikilizaji wa London hatarajiwi kuijua, kama sisi tunavyosema "naona Kichina tu". Mara ya kwanza nilinuna kidogo. Siku hizi sinuni, maana nimekuja kuona kwamba msemo huo wa kuombea maji ndio unaoieleza bendi nzima, mpaka kufa kwake.

Walikuwa watatu: Charles wawili na Gareth mmoja. Charles Hayward alipiga drams na kuimba. Alishapitia Quiet Sun, bendi ya mpiga gitaa Phil Manzanera, ambayo albamu yake ilitoka 1975, muziki wa mahesabu mengi na mapigo ya kuvunja mguu. Charles Bullen alishika gitaa, klarineti na viola. Hawa wawili walikuwa wamekwisha kupiga pamoja kabla ya This Heat, na ala zao walizijua sawasawa. Wakikubaliana kuhama kutoka mapigo saba kwenda matano, walihama bila kutazamana.

Wa tatu, Gareth Williams, hakujua kupiga kitu. Sisemi kwa mzaha. Alikuwa mtu wa duka la santuri, aliyesikiliza kila kitu na kukumbuka kila kitu, lakini mpe kinanda na hajui vidole viende wapi. Wakamchukua wakijua hivyo, kwa makusudi kabisa. Mwanzoni mwa 1976 wakapanda jukwaani kwa mara ya kwanza, wawili wakiwa mafundi na mmoja akijifunza pale pale mbele za watu.

Wengi wakisikia hivyo wanasema: aa, kumbe ni panki. Hapana. Panki, iliyolipuka London mwaka huo huo, ilikuwa mkutano wa wasiojua, kila mtu na kodi zake tatu za gitaa, na uzuri wake uko humo. This Heat ilikuwa kitu kingine: wazawa wawili wa lugha wamekaa na mgeni mmoja wa kuombea maji, na wamekubaliana kwamba mazungumzo yote yatapita kwake.

Wewe umeshakaa na mgeni wa namna hiyo. Unaacha methali zako, unaacha haraka yako, unachagua maneno, unaanza kusema kwa mikono. Na yeye, bila kujua, anaunganisha maneno mawili ambayo mzawa asingeyaunganisha maisha yake yote. Niliwahi kumsikia mmoja akisema "maji yamechoka", akimaanisha bomba linatoa tone tone. Nimeishi na lugha hii tangu tumboni na sikuwahi kufikia hapo. Williams alikuwa hivyo kwenye kinanda, kwenye besi na kwenye mikanda. Alibonyeza noti moja akaishikilia mpaka wenzake wakalazimika kuizunguka kama jiwe lililo katikati ya njia. Fundi angekuwa ameshaona haya akabadilisha. Yeye hakuwa na ufundi wa kumwonea haya.

Sasa chumba. Hiki nitakieleza kwa urefu kwa sababu bila chumba kusingekuwa na bendi.

Walipata mahali Brixton, kusini mwa London, ndani ya jengo lililotumika zamani kwa shughuli za nyama. Chumba chenyewe kilikuwa jokofu, yaani chumba kizima cha kuhifadhia nyama, kikiwa kimezimwa. Wakakiita Cold Storage, wala hawakusumbuka kutafuta jina lingine. Fikiria faida yake. Ukuta ulionenepeshwa ili baridi isitoke ndio huo huo unaozuia kelele isitoke. Hakuna jirani wa kugonga mlango saa saba za usiku. Jokofu halina dirisha, kwa hiyo ndani hakuna alfajiri wala magharibi, kuna kuchoka na kutochoka tu.

London ya miaka ile ilikuwa na majengo mengi ya viwanda yaliyokufa, na vijana wengi wa muziki walisukuma siku kwa posho ya wasio na kazi. Uchumi ulikuwa hoi. Mwaka 1976 serikali ya Uingereza ilikwenda kukopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, jambo ambalo sisi tumezoea kulisikia likihusu nchi zetu. Lakini kwa mwanamuziki asiyetaka kufurahisha watu, uchumi mbovu una zawadi yake: muda. Studio ya kukodi inahesabu saa, na saa inayohesabiwa humfanya mtu apige anachokijua. Chumba chako mwenyewe kinakuruhusu kupiga usichokijua hadi kikujie. Kule ndani walipiga bila mpango, kwa muda mrefu, kaseti ikizunguka. Kisha wakakaa chini kusikiliza, wakachagua sekunde kumi kati ya saa nzima, na kujifunza upya kuzipiga zile sekunde kumi kana kwamba ziliandikwa na mtu.

Zingatia hapo. Kosa la mgeni linarekodiwa, halafu wazawa wawili wanaketi kujifunza kulikosea vizuri.

Na mikanda yenyewe ilikuwa ala. Kwenye albamu ya kwanza kuna kipande kinaitwa "24 Track Loop". Kimejengwa juu ya kitanzi cha mkanda: mpigo mfupi wa drams uliorekodiwa, ukakatwa na kuungwa ncha kwa ncha ili uzunguke bila kwisha. Kisha ukapitishwa kwenye mashine ya kurekodia ya njia 24 na kwenye kifaa cha kupandisha na kushusha kimo cha sauti, mikono ikiwa juu ya meza ya kuchanganyia, ikifungua njia hii na kufunga ile. Ukikisikia leo utadhani ni muziki wa klabu wa miaka ya tisini. Kilirekodiwa kabla ya mwisho wa 1978.

Nilijaribu kitanzi mwenyewe nilipokuwa kijana, kwa mashine ya rili niliyoazima. Nilikata kama sentimita 90 za mkanda. Kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, hizo ni karibu sekunde tano za sauti. Nikaunga ncha kwa utepe wa gundi, nikapitisha mkanda kwenye kichwa cha kusomea, na ile sehemu iliyobaki ikining'inia nje nikaizungushia chupa ya soda ili isilegee. Chupa ikaanguka. Nikaijaza maji, ikasimama. Mzunguko wa kwanza unasikia ngoma. Wa kumi unaanza kusikia kiungo, ile "tik" ndogo pale wembe ulipopita. Wa hamsini, tik imekuwa sehemu ya ngoma, na ukiiondoa wimbo unachechemea. Sikupata wimbo wowote siku ile, nilipata kuelewa tu kwamba kosa likirudiwa kwa uaminifu linaacha kuwa kosa. Hilo ndilo darasa zima la This Heat, na sikuhitaji kitabu.

Walitangazwa na nani? Na redio, mtu mmoja hasa: John Peel wa BBC Radio 1, aliyekuwa anasikiliza kaseti alizotumiwa na watu asiowajua. Mwaka 1977 waliingia mara mbili kurekodi kwa ajili ya kipindi chake. Miongoni mwa nyimbo za mara ya pili kuna mmoja unaitwa "Makeshift". Ndiyo, huo huo wako. Ulitangazwa redioni 1977 na haukuingia albamu hadi 1981. Miaka minne wimbo mmoja ulitafunwa ndani ya jokofu. Weka hesabu hiyo pembeni, tutaihitaji.

Neno "andagraundi" nalo lisikuchanganye. Kwetu andagraundi ni msanii chipukizi ambaye hajatoka, anasubiri siku yake. Kwa hawa chini ndiko kulikokuwa nyumbani, hawakuwa wakisubiri lifti.

Albamu ya kwanza haina jina zaidi ya jina la bendi. Ilirekodiwa kwa vipande kuanzia Februari 1976 hadi Septemba 1978, vingine kwa kaseti ya kawaida, vingine kwa mashine za studio, na ikatoka 1979 kwenye lebo ndogo ya David Cunningham iitwayo Piano. Jalada ni bluu na njano, hakuna sura ya mtu. Tahadhari moja: inaanza na kipande kinaitwa "Testcard", jina la ile picha tuli ya televisheni kabla ya matangazo. Sauti ni ndogo mno, utadhani spika zimekufa. Usiongeze sauti. Kinachofuata ni "Horizontal Hold", jina la kile kitufe cha kutuliza picha inayokimbia kwenye televisheni za zamani, na kinaingia kama kabati la vyombo linaloanguka. Mimi niliongeza sauti, na spika ya kushoto haikupona.

Mwaka 1980 wakatoa santuri ya nyimbo mbili. Upande wa kwanza ni "Health and Efficiency", wimbo wa jua, kitu pekee walichofanya ambacho naweza kukiita cha furaha. Unaanza kwa kasi, halafu katikati unakwama makusudi kwenye mpigo mmoja na kugomea hapo dakika baada ya dakika. Upande wa pili, "Graphic/Varispeed", hauna mwendo wake. Umetengenezwa ili upigwe kwa mwendo wowote ambao mashine yako ya santuri inao: mizunguko 16, 33, 45 au 78 kwa dakika. Mwendo wa chini ni mngurumo unaojaza chumba. Wa juu ni mlio mwembamba unaokwisha upesi. Hakuna ulio sahihi. Upande wa kwanza wanakupa wimbo uliopimwa hadi ukucha, upande wa pili wanakukabidhi usukani. Mtu anayesikiliza kwenye simu anakosa mchezo wote huo, na hapo sina dawa.

Kuna jambo lingine la pembeni ambalo kwa msomaji wa huku lina uzito wake: walirekodi pia na mwanamuziki kutoka Ghana, Mario Boyer Diekuuroh, na kazi hiyo ikatoka baadaye kwa kaseti, 1982. Kwa hiyo Afrika kwao haikuwa jina la wimbo peke yake. Bado namna walivyolitumia jina la lugha yetu nakuachia wewe uamue.

Tuje 1981, albamu ya pili na ya mwisho, Deceit, yaani Udanganyifu. Ilitolewa na Rough Trade, lebo iliyoanzia kwenye duka la santuri la magharibi mwa London, ambayo ilijulikana kwa kugawana faida na wanamuziki nusu kwa nusu.

Ili uisikie vizuri lazima ujue hofu ya wakati ule. Desemba 1979 NATO iliamua kuweka makombora mapya ya nyuklia ya Marekani katika nchi za Ulaya, Uingereza ikiwemo. Mwaka 1980 serikali ya Uingereza ikachapisha kijitabu cha kuwaelekeza wananchi namna ya kunusurika na bomu, kikauzwa peni 50. Kinakufundisha kupaka madirisha rangi nyeupe. Kinakwambia ung'oe milango ya ndani, uiegemeze ukutani, uirundikie mifuko ya udongo, kisha uingie chini yake na familia yako, na chakula cha siku 14. Nimezisoma kurasa hizo. Lugha yake ni laini kama maelezo ya kuosha sweta. Hayward ameeleza mara nyingi kwamba kizazi chao kiliamini kwa dhati kuwa kitakufa kwa bomu hilo, na kwamba bendi ilifanya kazi ndani ya imani hiyo. Tena Aprili 1981 Brixton yenyewe iliwaka moto, siku tatu za mapambano kati ya polisi na vijana, wengi wao weusi, waliochoshwa na kusimamishwa na kupekuliwa barabarani.

Ndiyo maana Deceit ni albamu ya lugha. Sikiliza nyimbo zake kama mtu anayetembea sokoni akisikia kila mchuuzi na uongo wake. "Sleep" imeshonwa kwa maneno ya matangazo ya biashara, laini kama bembelezo la mtoto. "S.P.Q.R." inaanza kwa mnyambuliko wa kitenzi cha Kilatini, nampenda, unampenda, anampenda, kama wanafunzi wa darasa la kwanza la ufalme wa Roma. "Independence" imechukua maneno ya Azimio la Uhuru la Marekani la 1776 na kuyaimba bila kuongeza chumvi, taratibu, mpaka yanaanza kutisha. Ya mwisho ina jina lenye neno la Kijapani la maradhi ya waliopigwa bomu, na ndani yake hakuna tena mtu wa kuimba. Katikati ya yote hayo ndipo ulipo wimbo wako. Kila lugha kwenye albamu ile ni ya kuombea maji. Tofauti ni kwamba wengine wanaomba maji kwa lafudhi nzuri.

Sasa kwa nini walikufa.

Watu watakujibu pesa. Pesa haikuwepo, ni kweli, lakini haikuwepo tangu siku ya kwanza, na kitu ambacho hakijawahi kuwepo hakiwezi kukuua ghafla mwaka wa sita. Watakujibu ugomvi. Watatu ndani ya jokofu miaka yote hiyo hawawezi kukosa kugombana. Bendi nyingi zilizogombana vibaya zaidi bado zinapiga hadi leo, wanapanda ndege tofauti. Watakwambia pia muziki mgumu haununuliwi. Hawakuwa wakiuza.

Sababu, kwa maoni yangu, ni ile njia yao ya kazi. Rudi kwenye hesabu tuliyoweka pembeni. Bendi inayotafuna wimbo mmoja miaka minne, na ambayo mtambo wake ni mtu mmoja asiyejua, inakula mtaji ambao haurudi. Huwezi kuwa mgeni miaka sita. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kufikia 1981 Williams alikuwa ameshika jembe muda mrefu: amerekodi, amezunguka Ulaya, vidole vimeshajua njia. Sikiliza Deceit ukitega sikio kwake. Ni kazi ya mtu anayejua anachofanya, na albamu ni bora kwa hilo, lakini "maji yamechoka" hutaisikia tena kwa bahati. Sasa inatungwa.

Akaondoka. Alikwenda wapi? Kusini mwa India, Kerala, kujifunza kathakali, ile sanaa ya maigizo ya kucheza ambayo vijana wa kule huanza kufunzwa wakiwa wadogo, na ambayo macho peke yake yana mazoezi yake ya miaka. Mtu mzima, Mwingereza, anakwenda kukaa mahali ambapo hajui neno wala ishara. Wengi huiandika safari hiyo kama kichekesho cha mwisho. Mimi naiona ni mtu yule yule akifanya kitu kile kile: ujinga wake wa kwanza umekwisha, ameenda kutafuta mwingine.

Charles wawili hawakukata tamaa mara moja. Wakamwingiza Trefor Goronwy kwenye besi na sauti, na Ian Hill kwenye kinanda, wakazunguka Ulaya mara ya mwisho 1982. Wote wawili walikuwa wapigaji kweli kweli. Ona ajabu yake: walihitajika watu wawili wanaojua kuziba nafasi ya mmoja aliyeanza bila kujua, na nyimbo za zamani ziliweza kupigwa. Ila mazungumzo sasa yalikuwa ya wazawa watupu, kila mtu anamaliza sentensi ya mwenzake. Mwaka huo huo wakafunga.

Baada ya hapo kila mmoja alikwenda na kipande chake. Hayward akaanzisha Camberwell Now, Goronwy akiwemo. Bullen akatoa albamu moja kwa jina la Lifetones, 1983, yenye rege ya polepole ndani yake. Itafute, wengi hawaijui. Williams aliporudi alitengeneza na Mary Currie kaseti iitwayo Flaming Tunes, 1985, nyimbo ndogo za nyumbani, piano na sauti za mbali, tulivu kiasi kwamba hutaamini ni mtu wa "Horizontal Hold". Baadaye alishiriki kuandika kitabu cha mwongozo wa wasafiri wa India.

Muziki wenyewe ulitembea polepole. Mwaka 1993 ilitoka santuri iitwayo Repeat, yenye ule mpigo wa "24 Track Loop" ukiwa umenyooshwa kufikia dakika 20. Mwaka 1996 zikatoka zile rekodi za redio za 1977, na ndipo wengi tulipousikia "Makeshift" wa mwanzo, kabla haujaongezewa Kiswahili kwenye jina. Ukipata nafasi usikilize ule kwanza, kisha wa albamu. Utasikia mahali walipoukata na kuuunga.

Mwaka 2001 wale watatu walikutana tena kufanya mazoezi, faraghani, bila kutangaza. Haikufika mbali. Gareth Williams alifariki kwa saratani Desemba mwaka ule ule.

Charles wawili walirudi jukwaani Februari 2016, London, kwenye ukumbi wa Cafe Oto. Hawakutumia jina la zamani. Walijiita This Is Not This Heat, yaani Hii Siyo This Heat, wakaendelea hivyo hadi 2019. Pale jukwaani walisimama na kundi la wanamuziki wazoefu, mafundi wa kuheshimika, akiwemo Chris Cutler kwenye drams na Thurston Moore kwenye gitaa usiku ule wa mwanzo. Jukwaa lilijaa. Noti ambayo zamani ilishikiliwa na kidole kimoja kisichojua kwa kwenda, sasa iliandikiwa watu kadhaa, wakifuatana kwa uangalifu ili isikosewe.